Supu ya boga ya Mwaka Mpya

Kwetu Majengo, Moshi, siku hizi Mwaka Mpya tunaufungua kwa soup joumou, supu ya boga ya Haiti. Mpishi ni wifi yangu, mzaliwa wa Jacmel, mji wa huko Haiti. Kwao huwekwa nyama ya ng'ombe, ila yeye hali nyama, na kwa kweli hakuna anayeiulizia.

Ladha yote iko kwenye epis: kitunguu saumu, majani ya kitunguu, pilipili hoho, kotimiri na thaimu, vinatwangwa kinuni mpaka vitoe maji ya kijani. Boga tunachagua sokoni Mbuyuni, lile lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Likiiva linapondwa, kisha viazi, karoti, kabichi, tambi, na pilipili mbuzi nzima, isipasuke!

Watumwa waliwapikia supu hii mabwana wao wa Kifaransa, wenyewe wakinyimwa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru, ndiyo maana Wahaiti huinywa siku hiyo. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021. Naona fahari kubwa wanangu kuijua historia hiyo wakiwa na bakuli mkononi. Ndimu na mkate mezani, majirani karibuni.