South Carolina 2025-26: dakika za Madina Okot na hesabu ya warefu

Msimu wa kikapu cha wanawake vyuoni Marekani unaanza Novemba 3, 2025, na South Carolina wanaufungua nyumbani Columbia dhidi ya Grand Canyon. Wakenya wengi watawafuata kwa sababu ya Madina Okot, binti wa Mumias aliyepitia Kaya Tiwi kule Kwale na Zetech kabla ya kuvuka bahari, na ambaye sasa amehamia hapo kutoka Mississippi State. Sababu hiyo peke yake ingetosha. Lakini mwanzoni mwa Oktoba fowadi wao Chloe Kitts alichanika kano ya goti, ile ya ACL, na hatacheza msimu mzima. Tangu hapo Okot si nyongeza tena. Ndiye nguzo, na nyumba imeezekwa juu yake.

Tuanze na walipoishia. Kocha Dawn Staley ana mataji matatu: 2017, 2022 na 2024, hilo la mwisho bila kupoteza hata mechi moja, 38-0. Msimu uliopita walimaliza 35-4. Nne walizopoteza ni kwa UCLA, kwa Texas, na mara mbili kwa UConn, ya pili ikiwa fainali ya Tampa walipolimwa 82-59. Hakuna kibonde aliyewafunga. Na katika fainali ile aliyewaumiza zaidi chini ya ringi alikuwa Sarah Strong, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: pointi 24, rebaundi 15, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa. Ukiwa na warefu wachache, usiku wa namna hiyo unaweza kukurudia.

Waliohitimu ni Te-Hina Paopao, Bree Hall na Sania Feagin, wote watatu wakachukuliwa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, raundi ya pili. MiLaysia Fulwiley amehamia LSU, yaani mtakutana naye akiwa upande wa pili. Ashlyn Watkins, aliyeumia goti Januari 2025, ameamua kupumzika msimu huu. Ukimwongeza Kitts, waliobaki wazima ni kumi. Katika hao, wanaoweza kusimama chini ya ringi ni wanne: Okot mwenye sentimita 198, Joyce Edwards, Maryam Dauda na Adhel Tac.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo mashabiki wengi hawaifanyi. Mechi ni robo nne za dakika kumi. Nafasi mbili za warefu ni dakika 80 za kugawana. Mpe Edwards 32, mpe Okot 28, zimebaki 20 za Dauda na Tac. Hizo zinabebeka. Lakini hiyo ni siku ambayo mambo yamenyooka. Okot akipigiwa faulo ya pili dakika ya sita, makocha wengi wa vyuo watamkalisha hadi mapumziko, kwa kuwa faulo ya tano inamtoa mchezaji moja kwa moja. Dakika 14 zimekwenda. Edwards anasukumwa kucheza senta, nafasi ya mrefu wa chini ya ringi, dhidi ya watu wanaomzidi kimo, Dauda anaingia mapema kuliko ilivyopangwa, na Edwards huyohuyo ndiye uliyekuwa ukimtegemea kufunga. Msimu uliopita aliongoza timu kwa wastani wa pointi 12.7 akitokea benchi mwaka wake wa kwanza. Mtu aliyechoka kukaba hafungi vizuri robo ya nne.

Kwa hiyo anayetaka kujua timu hii itafika wapi asianze na pointi za Okot. Aangalie faulo zake, na hasa aina ya faulo. Ziko tatu zinazowaponza masenta wanaopanda ngazi. Ya kwanza ni kuruka kila anapodanganywa kwamba mpira unatupwa; dawa yake ni kubaki chini mikono wima, maana mwenye sentimita 198 hahitaji kuruka ili aharibu shabaha ya mtu. Ya pili ni kugombea rebaundi upande wa kushambulia kwa kumpanda mpinzani mgongoni, faulo ya bure kabisa, zaidi ya mita 20 kutoka kwenye ringi anayoilinda. Ya tatu ni skrini inayotembea, pale senta anaposimama njiani kumzuia beki ili gadi, mchezeshaji wa mpira, apite: gadi anaondoka kabla senta hajatulia, senta anasogea nusu hatua kumkinga, filimbi. Hiyo ya tatu mara nyingi kosa ni la gadi, ila jina linaloandikwa kwenye karatasi ni la senta. Raven Johnson, gadi mzoefu kuliko wote hapo, ndiye wa kusubiri nusu sekunde.

Na kumbuka faulo za timu: kuanzia ya tano katika robo, kila faulo isiyo ya upande wa kushambulia inampa mpinzani mitupo huru miwili. Zinaanza upya kila robo, kwa hiyo faulo ya kizembe dakika ya pili ina bei kubwa kuliko faulo ya dakika ya tisa.

Pointi zenyewe hazinitii wasiwasi. Mississippi State Okot alikuwa na wastani wa pointi 11.3 na rebaundi 9.6, akifunga zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake, na hiyo ilikuwa katika kanda hiihii ya SEC wanayocheza South Carolina, si mahali pa kuonea watu. Akilishwa mpira karibu, anamaliza. Swali ni atalishwa vipi. Kilicho rahisi zaidi ni Edwards kupanda hadi kwenye mstari wa mitupo huru, apokee mpira, amtazame Okot aliyemziba mtu wake mgongoni chini ya ringi, apitishe juu. Ikiwa anayemkaba Edwards amerudi nyuma kuzuia hiyo pasi, Edwards anatupa mwenyewe au anaingia na mpira hadi ringini. Mabeki wawili, matatizo matatu.

Kitts alikuwa anafanya kitu kingine ambacho hakionekani kwenye pointi zake 10.2 na rebaundi 7.7. Alikuwa akiokota mpira anauvusha mwenyewe, bila kutafuta gadi, na timu inakimbia kabla mpinzani hajarudi. Okot hatakiwi kuiga hilo. Akiokota, ageukie pembeni na atoe pasi ya haraka kwa Raven, mpira ukiwa juu ya kichwa. Akiushusha kiunoni, gadi wafupi wataupokonya. Ni jambo dogo, lakini mashambulizi ya kukimbia ndiyo yaliyokuwa yakiibeba timu hii usiku ambao mitupo ya mbali imegoma.

Na mitupo ya mbali itagoma. Hili ndilo tatizo la pili, na mimi naona linazungumzwa kidogo mno. Paopao na Hall wameondoka, na wao ndio waliokuwa wakiwalazimisha wapinzani watoke nje. Amebaki Tessa Johnson kama mtupaji wa pointi tatu ambaye hakuna anayethubutu kumwacha. Raven huachwa, kila mtu anaikumbuka nusu fainali ya 2023 dhidi ya Iowa, mabeki walivyomwachia nafasi wakajaza katikati, na South Carolina wakafungwa 77-73. Tangu hapo amejirekebisha sana, ila wapinzani bado watataka athibitishe kwanza. Timu pinzani ikikaa zoni ya mbili-tatu, yaani kila beki akilinda eneo lake, wawili mbele na watatu nyuma, watu watatu watamzunguka Okot kama siafu. Hapo tiba si kumrushia mpira kwa nguvu. Ni kuupitisha upande mmoja hadi mwingine mara mbili, ili zoni isogee, ndipo uingie.

Ta'Niya Latson ndiye aliyeletwa kusaidia hapo. Akiwa Florida State aliongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi 25.2. Asitarajiwe kuzirudia, na ikitokea akazirudia ni dalili mbaya, maana Staley hugawa mpira. Pointi 15 hadi 17 zenye shabaha nzuri zitaifaa timu kuliko 25 za mitupo mingi. Kazi ngumu kwake ni kucheza bila mpira: kukata kuelekea ringi mabeki wanapomtazama Okot. Alicheza na Raven sekondari ya Westlake, Atlanta, hivyo macho yao yanajuana. Agot Makeer na Ayla McDowell ni wa mwaka wa kwanza. Makeer ana urefu wa kumfanya acheze fowadi kidogo Edwards akipumzika, na nadhani atapewa dakika nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Ratiba haitawasubiri wazoeane. Novemba 15 wanakutana na USC Los Angeles. Novemba 26 na 27 wako Las Vegas: Duke kwanza, kisha UCLA au Texas. Wakikutana na UCLA, Okot atamkuta Lauren Betts mwenye sentimita 201, na siku hiyo faulo zitakuambia mengi kuliko matokeo. Baada ya hapo ni SEC, mechi 16. Nawapa nusu fainali ya taifa ya Phoenix Aprili 3, 2026, ikiwa Okot atakuwa na wastani wa chini ya faulo tatu na dakika zisizopungua 26. Ikiwa atakuwa anatolewa mapema mara kwa mara, sioni wakivuka robo fainali, hata Latson acheze vipi.

Kwa wanaofuatilia kutoka Afrika Mashariki: saa moja jioni ya Columbia ni saa tisa usiku kwetu, hadi Machi 8, 2026, Wamarekani watakapobadili saa zao, baada ya hapo ni saa nane usiku. Mechi nyingi za Jumapili huchezwa mchana kwao, kwa hiyo hizo zitakuangukia usiku wa mapema na unaweza kuzitazama bila kuukosa usingizi.