Tafakari ya Wiki: Karamu Isiyo na Hesabu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Zaburi 130:3: "Bwana, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?" Siku hizi jioni nimekuwa nikitazama filamu moja ya Denmark na tamthilia moja ya maisha ya Yesu, na kucheza gemu moja la zamani. Sikuvichagua kwa ajili ya tafakari. Nilitaka kupumzika baada ya kazi, kama wengi wetu. Lakini vyote vitatu vimenirudisha kwenye hilo neno moja, kuhesabu, na sijaweza kuliweka chini.

Nianze na filamu, maana ndiyo iliyonishika zaidi. Inaitwa Babettes gæstebud, yaani Karamu ya Babette. Iliongozwa na Gabriel Axel, ikatoka mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hadithi yenyewe ni ya Karen Blixen, yule mama wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong mpaka mwaka 1931, ambaye wakazi wa Nairobi wanamkumbuka kila wanapopita mtaa wa Karen. Yeye aliiweka Norway. Axel akaihamishia kwao, kwenye kijiji cha wavuvi katika pwani ya Jutland, mahali pa upepo, ukungu na samaki walioanikwa.

Katika kijiji hicho kulikuwa na mchungaji wa Kilutheri aliyekusanya kundi la waumini wenye bidii. Mabinti zake wawili aliwaita Martine na Philippa, kwa heshima ya Martin Luther na Philip Melanchthon. Wote wawili walipendwa na wanaume waliotoka mbali, na wote wawili walibaki nyumbani kumsaidia baba yao katika huduma. Baba alipofariki waliendelea kulichunga lile kundi dogo: kuimba, kusoma Neno, kupeleka chakula kwa wagonjwa. Wale waliolelewa katika ushirika wa Uamsho, wanaojua wimbo wa Tukutendereza tangu utotoni, watawatambua wazee hawa mara moja. Ni watu wetu kabisa. Wanampenda Bwana kwa dhati. Ila wamezeeka, na uzee umeamsha hesabu za zamani. Huyu anamkumbusha yule alivyomdhulumu. Mwanamume na mwanamke waliotenda dhambi pamoja ujanani wanalaumiana, kila mmoja akiogopa hukumu. Wanafungua kitabu cha nyimbo, na kabla wimbo haujaisha mtu amechomekea neno la sumu.

Usiku mmoja wa mwaka 1871 mvua inanyesha, na mwanamke Mfaransa anabisha mlangoni. Ni Babette, ana barua mkononi. Amekimbia mauaji ya Paris baada ya Komyuni, serikali ya waasi wa mji huo, kuangushwa. Mumewe na mwanawe wameuawa. Anaomba afanye kazi za ndani bila mshahara, na anakaa na akina dada wale miaka 14.

Kuna onyesho la mwanzoni mwa maisha yake pale ambalo nililirudia. Martine anamfundisha Babette kupika chakula cha nyumba ile: samaki mkavu aliyelowekwa, na uji wa mkate uliochemshwa na pombe ya shayiri. Anamweleza polepole, kwa ishara, kama unavyomwelekeza msichana wa kazi aliyefika leo kutoka kijijini. Babette anatazama, anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha anafanya kama alivyoambiwa. Mtazamaji bado hajui kwamba mama huyu alikuwa mpishi mkuu wa Café Anglais, mgahawa uliokuwa na sifa kuliko yote Paris. Hasemi. Miaka 14 yote hasemi. Ila wagonjwa wanaopelekewa supu wanaona tofauti, na akina dada wanashangaa kwamba tangu aje, pesa za matumizi zinabaki.

Kisha Babette anashinda bahati nasibu: faranga 10,000. Kila mtu anajua sasa ataondoka. Yeye anaomba jambo moja tu, aruhusiwe kuandaa chakula cha jioni siku ya kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa yule mchungaji, na akipike kwa gharama yake mwenyewe. Vitu vinaanza kushushwa kutoka melini: kware walio hai, mvinyo, na kobe mkubwa wa baharini. Martine anamwona yule kobe akipanua kinywa jikoni, na usiku anaota jinamizi. Anadhani wameingiza uchawi ndani ya nyumba ya baba yao. Waumini wanakutana na kukubaliana: watakula kwa kumheshimu marehemu, lakini hakuna atakayesema neno lolote kuhusu chakula.

Wapendwa, hapa nilisimamisha filamu kidogo. Wazee hawa wanajilinda dhidi ya karamu kwa jina la Mungu. Na si kwamba ni wabaya! Wamejizoeza maisha yao yote kujinyima kwa ajili ya Kristo, mpaka zawadi inapofika inawatisha. Nimewahi kuiona hali hiyo kanisani, kwa mtu anayetumika kwa bidii kila Jumapili na bado hawezi kuamini kwamba Mungu anafurahi kumwona.

Wageni mezani ni 12. Mmoja wao ni Jenerali Löwenhielm, ambaye ujanani alimpenda Martine akashindwa kusema. Yeye peke yake ndiye anayejua anachokula. Anaonja supu ya kobe, anasimama kidogo, anamwangalia jirani yake. Anakunywa mvinyo, anautaja jina. Majirani wanamjibu habari za hali ya hewa na za marehemu mchungaji, maana wameapa. Zinapofika kware waliookwa ndani ya keki, anakumbuka: chakula hiki alikila Café Anglais, alikoalikwa na Jenerali Galliffet, na Galliffet alimsifu sana mpishi wake, mwanamke. Ukiirudisha akilini ile barua Babette aliyofika nayo, utagundua kwamba Galliffet ndiye yule yule ambaye mikono yake ilijaa damu ya watu wa Paris, mikono ambayo Babette aliikimbia. Aliwapikia watu wa namna hiyo kwa moyo wake wote. Filamu haisimami kutuelezea jambo hilo. Mimi lilinichukua siku nzima.

Na mezani chakula kinafanya kazi yake kimya kimya. Nyuso zinalainika. Wawili waliodhulumiana wanakiri huku wakicheka. Wale waliotenda dhambi pamoja wanabusiana. Ndipo Jenerali anasimama na kuzungumza, akianzia na Zaburi 85:10, "Fadhili na kweli zimekutana, Haki na amani zimebusiana", maneno ambayo marehemu mchungaji aliyapenda. Anasema kwamba sisi kwa upofu wetu tunadhani neema ina mpaka, tunatetemeka kabla ya kuchagua na tunatetemeka baada ya kuchagua, lakini neema haitudai kitu ila tuipokee kwa shukrani. Papa Fransisko aliipenda filamu hii sana, hata akaitaja katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia. Sishangai.

Wageni wakishaondoka, akina dada wanamwambia Babette watamkumbuka jioni hii atakaporudi Paris. Anawajibu kwamba haendi popote. Hana pesa. Chakula cha watu 12 pale Café Anglais kiligharimu faranga 10,000, na zote ameziweka mezani.

Maskini wa Mungu, nilisema kwa sauti. Halafu nikasikia jinsi sauti yangu inavyofanana na ya wale waliokaa nyumbani kwa Simoni mkoma, Bethania, mwanamke alipovunja kibweta cha marhamu. Wao walikuwa tayari na bei: dinari 300 na zaidi, wangepewa maskini (Marko 14:5). Walikuwa sahihi kwa hesabu. Yesu hakubishana na takwimu zao. Alisema mwacheni, amenitendea jambo jema.

Sasa gemu, nalo sitakaa sana. Mpwa wangu alikuja likizo na kile kigemu cha mkononi cha matofali, ambacho miaka ya tisini kila mtoto alikitaka. Mama yao gemu hizo zote ni Tetris, aliyoitengeneza Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, kwenye kompyuta isiyoweza hata kuchora picha, ikabidi matofali yachorwe kwa alama za mabano. Matofali yanashuka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika na unapata pointi. Ukifanya vizuri, yanashuka kwa kasi zaidi. Ni gemu zuri, na nililicheza mpaka usiku. Lakini lilivyotengenezwa halina mwisho wa kushinda. Zawadi ya kufanya vizuri ni kudaiwa zaidi, na unamaliza pale tu unaposhindwa. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, alilicheza toleo la mwaka 1989 mpaka hatua ya 157, na mashine yenyewe ikaganda. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa binadamu kufika hapo.

Nawafahamu waumini wanaoishi hivyo mbele za Mungu. Mfungo wa siku tatu ukifanikiwa, wanajiwekea wa saba. Mstari ukifutika hawaukumbuki tena. Macho yao yako kwenye matofali yaliyokaa vibaya chini kabisa. Kwao Yohana 19:30, "Imekwisha", ni neno la Ijumaa Kuu tu, na Jumatatu kasi inaongezeka.

Tamthilia ni The Chosen ya Dallas Jenkins, ambayo msimu wake wa kwanza wa mwaka 2019 ulilipiwa na maelfu ya watazamaji waliochangia zaidi ya dola milioni 10. Wengi mnaijua. Nawaomba tu mkumbuke kwamba mengi mle ni ya kubuni, na Biblia iwe karibu mnapotazama. Mimi nimerudia msimu wa pili, sehemu ya tatu, iliyojengwa juu ya Mathayo 4:24, pale wagonjwa wa kila namna walipoletwa kwa Yesu. Mathayo wa tamthilia hii ni mtu wa namba. Kila kitu anakiandika. Usiku wanafunzi wanaota moto, na Simoni Petro anamgeukia Mathayo. Anamtolea hesabu yote: kodi alizotoza, hofu aliyoileta nyumbani kwao, miaka aliyowatumikia Warumi huku ndugu zake wakiumia. Kila anachosema ni kweli. Hilo ndilo linalofanya onyesho liume, kwa sababu Mathayo hana utetezi. Wakiwa katikati ya ugomvi, Yesu anapita. Ametoka kuponya watu tangu mchana. Hawezi kutembea vizuri. Anawaambia usiku mwema, basi. Mariamu mama yake anamvua viatu na kumwosha. Walio kwenye moto wananyamaza wote.

Simoni alikuwa na deni la kweli la kudai. Na kaka mkubwa katika Luka 15 alikuwa na miaka ya kweli: "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii". Na wale wa shamba la mizabibu walioanza kazi alfajiri walichomwa na jua la kweli, kisha wakaona wa saa kumi na moja akishika dinari ile ile. Mwenye shamba anawauliza: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" (Mathayo 20:15).

Nifike nyumbani sasa. Kwetu kuna daftari la rambirambi. Ni jambo jema. Linasaidia familia kujua nani wa kumshukuru. Lakini tunajua linavyotumika miaka miwili baadaye. Msiba unatokea kwa mwingine, daftari linatolewa kabatini, kidole kinashuka taratibu kwenye majina: huyu alitoa elfu tano, basi na mimi elfu tano. Huyu hakuja kabisa, basi tutume salamu. Mfiwa analia chumba cha pili na sisi tunalinganisha. Na tukitoka pale tunaimba neema, neema ya ajabu, kwa sauti nne.

Siwaambii mlichome. Nasema kuna majina mle ambayo kidole changu huwa kinasimama, na wiki hii nimeyaombea kwa majina yao, moja moja, bila kuangalia safu ya pili.

Masomo ya kuendelea nayo nyumbani ni Mathayo 20:1-16 na Marko 14:3-9, Zaburi 130 yote ikisomwa kwa sauti kabla ya kulala. Mkiipata Karamu ya Babette, itazameni kwa kikundi. Ina saa moja na dakika arobaini hivi, na wanazungumza Kidenmaki na Kifaransa, kwa hiyo wazee wetu wasioweza kufuata maandishi ya chini wakae na kijana wa kuwasomea. Na jikoni, wakati wa karamu, mwangalieni yule dereva wa farasi wa Jenerali. Hakualikwa mezani, hajui jina la kitu chochote anachopewa, na Babette anampakulia kila kinachopelekwa sebuleni.