Nilivyompeleka mama Ukerewe na kurudi na sauti za wazee

Mama ana picha moja ya nyeusi na nyeupe aliyoachiwa na bibi. Watu sita wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, mmoja kashika baiskeli. Nyuma kuna muhuri wa studio uliofifia, basi. Mama anamtambua bibi na kaka yake mkubwa. Wanne waliobaki hakuna anayewajua hapa nyumbani Mwanza. Nilipopanga kumpeleka kwao Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, nilitaka afike akiwa na nguvu za kukaa na wazee, na yatakayosemwa yasipotee.

Kutoka Mwanza unaweza kupita barabara ya Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi cha kuingia Rugezi, au ukapanda meli moja kwa moja hadi Nansio, safari ya saa tatu na zaidi kutegemea chombo na hali ya ziwa. Nilichagua meli kwa sababu miguu ya mama huvimba akikaa kwenye basi muda mrefu. Melini anainuka, anatembea. Ratiba niliifuata mwenyewe bandarini siku moja kabla, maana meli ikiingia matengenezo kila kitu hubadilika. Tuliwahi, tukapata nafasi katikati ya chombo ambako kuyumba hupungua. Mama alikuwa amekunywa uji mwepesi tu. Dawa zake zilikaa kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu begi likishafunikwa na magunia ya watu hulioni tena hadi gatini.

Kabla ya kukaa nilimwonyesha maboya yalipo na namna ya kuyavaa. Watu wa kanda hii tumezika ndugu zetu: MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere mwaka 2018 ikikaribia kisiwa jirani cha Ukara. Chombo kilichojaza kupita kiasi sipandi, hata kama nauli nimeshalipa.

Simu na ile picha nilizitia kwenye kopo la chakula lenye mfuniko unaobana. Maji ya ziwa hurushwa hadi ndani upepo ukikaza, na kopo ni imara kuliko mfuko wowote.

Tulipofika kwa mjomba, kwanza tulisalimiana, tukala, tukapumzika. Nadhani hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamtolea mzee simu usoni hata hajamaliza kuuliza habari za watoto. Baadaye nikamwomba ruhusa ya kurekodi, akakubali. Tulikaa ndani na si chini ya mwembe, kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia kwenye simu unachokuja kusikia ni mvumo mtupu. Nikazima mtandao mtu asije akapiga katikati, nikailaza simu juu ya khanga iliyokunjwa kwenye kigoda. Nikaanza kwa kutaja tarehe, kijiji na majina yetu wote tuliokuwepo.

Sikumwuliza historia ya ukoo. Nilimpa picha.

"Hebu, mama, nisogee mlangoni nione vizuri," mjomba akasema. Akaiinamisha kwenye mwanga, akacheka. "Hii baiskeli ni ya mpiga picha! Kila mtu alipigwa nayo."

Kuanzia hapo maneno yalitoka yenyewe. Yeye na mama waliingia kwenye Kikerewe, nami nikanyamaza; ukimkatiza mzee akutafsirie, uzi unakatika. Tafsiri mama alinipa usiku, huku nikiandika. Watatu kati ya wale wanne walipata majina. Wa nne, mjomba anasema yupo bibi mmoja Ukara anayeweza kumjua.

Daftari nililijaza kabla ya kulala, taa ikiwa bado inawaka: nani alikuwepo, sato aliuzwa bei gani pale gatini, mama alisema nini alipoiona Nansio kwa mbali. Picha haibebi bei wala maneno. Ukisubiri ufike nyumbani, nusu imeshapotea.

Niliporudi Mwanza nilichagua picha chache kati ya nilizopiga huko, nikazisafisha studio. Nyuma niliandika majina kwa penseli laini, kwani wino hupenya ukaharibu sura. Rekodi nimeipa jina lenye tarehe, kijiji na jina la mjomba, ili hata mwanangu aitafute bila kuniuliza. Nakala moja iko kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi kwa dada yangu Bukoba. Wajukuu wa mjomba niliwatumia picha kwa WhatsApp kama dokumenti, maana zikitumwa kwa njia ya kawaida ubora hushuka na ukija kuzisafisha zinatoka na ukungu. Mjomba mwenyewe hana simu ya namna hiyo, kwa hiyo zake nilizituma za karatasi, ndani ya bahasha ngumu, kwa jirani aliyekuwa anapanda meli.