Kinu Ghorofa ya Tatu: siku moja ya mchora nyumba za bei nafuu

Saa 11:30 alfajiri. Naamka Tandika, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Kaya sita, bafu moja. Msanifu majengo anayechora maghorofa halafu anapanga foleni na ndoo mkononi! Wenzangu ofisini hunicheka. Wacheke.

Saa 2 asubuhi, saiti. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, injinia." Saiti kila mwenye kofia ngumu ni injinia, nimeshaacha kubisha.

Tunajenga nyumba 24, chini na ghorofa tatu juu. Kuta za ndani ni za matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwenye mashine na kupangwa karibu bila chokaa katikati. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna kuni. Ila yana deko: wiki ya kwanza yafunikwe na yanyweshwe maji, la sivyo saruji inakauka kabla haijashika. Ya Ijumaa nimeyakuta wazi juani. Nakwangua pembe moja kwa ufunguo, inamwagika kama ugali wa jana. Maji yalikatika, naambiwa, na hakuna aliyejaza pipa. Nayatenga yote. Fundi ananuna, mimi pia.

Lori la udongo mpya limeingia. Nautia kwenye chupa ya maji, natikisa, naiacha kivulini. Mchanga unatua kwanza, mfinyanzi unabaki juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka.

Saa 5. Ofisini na mkadiriaji majenzi, mtu mzuri mwenye kalamu nyekundu. Lifti tuliifuta zamani: kuinunua ni jambo moja, kuitengeneza kila mwaka ni mzigo wa wakazi. Majiko na vyoo vyote vimebebana, ghorofa juu ya ghorofa, ili bomba moja lihudumie nyumba mbili kila ghorofa. Leo anataka ule ujia mpana wa nje upungue hadi mita moja na nusu. "Ujia hauuziki," anasema. Kwa hesabu yake ana haki. Namwomba angoje hadi jioni.

Saa 9 alasiri. Mkutano na watakaohamia. Nimebeba modeli ya maboksi. Naeleza kwamba pande ndefu za jengo zinatazama kaskazini na kusini, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia chini ya paa na kuchoma ukuta. Kila nyumba ina madirisha pande mbili, ili pepo za kusi na kaskazi ziwe na pa kuingilia na pa kutokea. Wanaitikia kwa adabu. Kisha bibi mmoja anaweka kidole kwenye boksi la juu kabisa.

"Mwanangu, hapa ndiyo kwangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kinu changu nikiweke wapi?"

Watu wanacheka, yeye hacheki. Nikitwanga ndani, anauliza, wa chini yangu atalala? Mkaa nitauwasha wapi? Nguo? Maiti ikitoka, jeneza litageuka kwenye ngazi hii? Hilo la mwisho linawanyamazisha wote. Napima kwenye mchoro palepale: kona ya ngazi ni finyu.

Saa 11 jioni. Nachora upya. Ngazi inapanuka. Ujia haupungui, mbele ya ngazi, kila ghorofa, unatanuka kuwa uani mdogo wenye karo na kamba za nguo, wazi upande mmoja ili moshi utoke. Nafidia kwa kufuta vibaraza vidogo vya kila nyumba, ambavyo tunajua vingeishia kuwa stoo za ndoo. Sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo inazifanya sehemu za pamoja kuwa mali ya wenye nyumba wote, kwa hiyo uani utakuwa na mwenyewe. Mkadiriaji anahesabu, anaguna, hafuti. Kinu tumekipeleka chini, uwanjani. Sijui nitamwambiaje bibi.

Saa 2 usiku. Nimerudi Tandika. Natoa futi kamba, napima uani wetu: karo, jiko, nafasi ya mtu kupita na sufuria ya moto. Mama mwenye nyumba anachungulia dirishani.

"We binti, umetumwa na benki?"