Kutoka Ipogolo hadi Jibondo

Nimekulia Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa, Mto Ruaha Mdogo ukipita jirani na vinyungu vyetu, bustani za bondeni. Shuleni tulifundishwa kwamba maji yale huingia Ruaha Mkuu, hupita mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha Rufiji, mpaka baharini. Desemba iliyopita niliyafuata.

Basi liliteremka mlima Kitonga asubuhi. Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu vya kuwapelekea wenyeji, usiku nikalala Mbagala, Dar es Salaam. Kesho yake Bungu, kisha Nyamisati. Hapo mto unagawanyika vijito visivyohesabika katikati ya mikoko, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kivuko kilituvusha mpaka Kilindoni, kisiwani Mafia, na mwendo mrefu rangi ile haikutuacha.

Bahari safi niliikuta upande wa pili wa kisiwa, kwenye ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilipoinama ubavuni mwa mashua niliyaona matumbawe waziwazi: mengine yametawanya matawi kama mti uliopukutika, mengine mviringo kama mawe ya kusagia, samaki wa manjano wakiingia na kutoka. Nilinyamaza muda mrefu.

"Umetoka wapi, mwanangu?" nahodha aliniuliza.

"Iringa, mzee."

"Kumbe ninyi ndio wa juu ya mto! Basi waambie wenzako, matumbawe hayataki tope. Yanataka jua."

Ni kweli. Ndani ya matumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao ndio unaoyalisha. Tope likizuia mwanga, matumbawe hulala njaa. Nikakumbuka jembe letu linavyofika ukingoni kabisa mwa mto, na mvua ya kwanza inavyoondoka na udongo tulioutifua.

Tukatia nanga Jibondo. Kisiwa hicho ni mwamba wa matumbawe, hakina mto. Watu hukinga mvua, na kwa miaka mingi ilipoadimika walivusha maji kwa mashua. Mama mmoja alipokea vitunguu, akanikalisha barazani na kunipa kikombe.

"Kunywa, mgeni. Ya mvua hayo."

Nilikunywa taratibu. Aliponyanyua ndoo kuniongezea, nilifunika kikombe kwa kiganja.