Mbwa wengi waliokamatwa kwa Michael Vick hawakuuawa

Jamani kesi ya Michael Vick mi siichoki, yule staa wa NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) aliyenaswa 2007 kule Virginia, Marekani kwa kupiganisha mbwa. Alihukumiwa miezi 23 jela sawa, ila mi nawawaza wale mbwa. Maana zamani mbwa wa mapigano wakikamatwa mara nyingi walikuwa wanauawa tu, kesi ikiisha basi, safari hii kila mmoja akapimwa tabia yake kivyake na Vick akalipishwa kama dola 928,000 za matunzo yao, 22 wakapelekwa Best Friends, kituo cha kutunza wanyama kule Utah, na wengine wakaishia majumbani kwa watu wanalala kwenye makochi yaani kama mbwa yeyote!

Alafu tangu 2014 kule Marekani hata kwenda kutazama tu mapigano ya mbwa ni kosa la shirikisho, yaani la sheria ya nchi nzima, ukimpeleka mtoto chini ya miaka 16 adhabu inapanda. Hapo ndo penyewe, watazamaji ndo wenye hela za kubeti. Kwa hiyo mliopo Marekani mkiona mbwa wamejaa makovu usoni na miguu ya mbele, wamefungwa minyororo mizito uani, pigeni simu polisi, msiingie wenyewe.