Mjomba na meza ya makarani

Binamu yangu ameitwa mahojiano ya kazi ya ukarani Bungeni, na tangu habari ifike nyumbani kwao Buruburu, Mjomba hanyamazi. Mtu aliyestaafu kazi ya kufunga mdomo! Mkewe anamcheka: "Ungekuwa na maneno hivi zamani, ningeshajua ulimpigia nani kura." Hajui hadi leo. Hakuna anayejua.

Mjomba aliingia kazi ya Bunge mwaka 1974, pale Mzee Kenyatta alipoagiza Bunge lijadili kwa Kiswahili. Miswada ilibaki kwa Kiingereza, lakini mjadala ukawa wa Kiswahili, na waheshimiwa waliozoea kunguruma kwa Kiingereza wakapoa ghafla. Kijana wa Mombasa akapata riziki yake hapo. Alianzia Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, akaenda kwenye kamati, mwishowe akavaa joho jeusi na kuketi kwenye ile meza iliyo mbele ya Spika. Amehudumu chini ya Maspika watano, kuanzia Fred Mati hadi Kenneth Marende.

Wengi hudhani karani ni mtu wa kuandika tu. Mbunge akisimama kwa hoja ya nidhamu, ukumbi ukachemka, Spika hana muda wa kupekua kitabu. Karani huinuka, akamnong'oneza namba ya kanuni au akampa kikaratasi. Spika hutoa uamuzi, na kesho yake magazeti husifu hekima ya Spika. Mjomba aliandika vikaratasi hivyo kwa penseli, herufi kubwa, maneno yasiyozidi matano. Hata orodha ya sokoni nyumbani huiandika vilevile.

Kuna siku moja tu ambapo karani hawezi kujificha: Bunge jipya likikutana kabla ya kuwa na Spika. Hapo yeye ndiye husimamia uchaguzi. Januari 15, 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi mkuu, wabunge walizozana kwa saa nyingi iwapo kura ya Spika iwe ya siri au ya wazi. Marende alimshinda Francis ole Kaparo katika duru ya tatu, kura 105 kwa 101. Mjomba alirudi usiku, sisi sote tukimsubiri kama waandishi wa habari. Akasema, "Tulihesabu." Kisha akaomba chai.

Zamani nilimwona amezidisha. Siku hizi nikiona jinsi kila mtu mjini alivyo na upande, naanza kumwelewa, ila si kwa kila jambo. Juzi nilimuuliza kuhusu 1988, uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya mgombea wao, ambapo watu waliokuwa na foleni fupi walitangazwa washindi mchana kweupe, kisha wakaja kuapishwa. Yeye alikuwepo. Alijisikiaje?

"Jina lilikuwa kwenye orodha. Nikamkabidhi Biblia."

Nilitaka zaidi ya hapo. Najua karani si hakimu, na wakati huo wafanyakazi wa Bunge walikuwa watumishi wa serikali kama wa wizara yoyote. Tume ya Huduma za Bunge ilikuja baadaye, kwa mabadiliko ya katiba ya 1999. Angesema neno, angefungasha virago. Lakini bado jibu lake linanikera, na nimemwambia hivyo. Akanitazama kwa upole, akaniuliza kama ningependa karani anayechagua wa kumwapisha. Sikuwa na jibu la haraka.

Binamu naye hana habari na falsafa zetu. Anataka kujua ataulizwa nini. Mjomba amemtolea nakala yake ya Kanuni za Kudumu, kurasa zimejaa penseli pembeni, akamwagiza aisome yote kabla ya Jumatatu. Nimemnong'oneza binamu atafute toleo jipya. Lile la Mjomba ni la kabla ya katiba ya 2010, na ndani yake hakuna Seneti.